Madirisha Kumi na Tisa

Mtaani walimwita Brashi. Ukiuliza jina lake la kwenye kitambulisho, hata kinyozi aliyemnyoa kwa miaka ishirini angekuna kichwa kwanza. Alikuwa mchora mabango. Ule mkono ulioko ukutani mwa zahanati, unaowaelekeza wajawazito wapite wapi, ni wake. Jino jeupe linalotabasamu mlangoni kwa daktari wa meno ni lake pia. Kwa kinyozi alichora vichwa sita vyenye mitindo sita ya nywele, na watu walisema vyote sita ni vya shemeji wa huyo kinyozi, ila kila kimoja kimeamka siku tofauti.

Hakuwa mtu wa makuu. Kabla ya kuchovya brashi kwenye rangi alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, akamwomba Mungu mkono wake usimwaibishe mtu. Kisha akaanza kazi.

Tangu mkewe afariki alikaa chumba cha uani kwa dada yake mkubwa, naye mjane. Dada huyo aliitwa Mama Shuka, kwa sababu alifua shuka za zahanati, arobaini kila siku isipokuwa siku ya ibada. Alizifua alfajiri. Kuzikamua ilikuwa kazi ya wawili, huyu ameshika huku, yule kule, wanasokota mpaka tone la mwisho, na humo ndimo walimoongelea habari zao zote. Ikifika saa mbili asubuhi, shuka ishirini za kwanza zilikuwa kwenye kamba. Saa nne zilishuka, zikapanda ishirini nyingine. Saa sita mlinzi wa zahanati alikuja na mkokoteni kuzichukua.

Ua wenyewe ulikuwa mwembamba kama korido. Upande wa magharibi lilisimama jengo la shule la ghorofa tatu, na ikishafika saa saba mchana lilimeza jua lote. Jua la Mama Shuka lilikuwa la asubuhi tu. Lilimjia kutoka mashariki, juu ya maghala ya zamani ambayo hayakuwa na kitu ndani isipokuwa popo, tena maghala mafupi, mabati yake yameinama. Muuguzi mkuu wa zahanati naye alikuwa na neno lake moja: shuka ya mgonjwa ikaushwe na jua. Alinusa pembe ya kila shuka. Iliyokaukia kivulini aliijua, akairudisha, na mfuaji aliyerudishiwa mara tatu alitafutiwa wa kushika nafasi yake. Mama Shuka alikuwa hajarudishiwa hata moja kwa miaka kumi na minane.

Ndipo likabandikwa tangazo kwenye ukuta wa maghala. Kampuni fulani inaomba kibali cha kujenga hapo jengo la ghorofa arobaini na moja. Wananchi wanakaribishwa, kwa siku thelathini, kutoa maoni juu ya sura ya jengo na jinsi litakavyoonekana katika mandhari ya mji.

Jengo refu kuliko yote katika mji ule lilikuwa na ghorofa tisa, na lifti yake ilikuwa imelala mwaka wa tatu. Kwa hiyo mtaa uliwaka.

"Arobaini na moja," kinyozi alisema, wembe ukiwa hewani. "Mtu wa huko juu akitema mate yatakauka njiani."

"Wewe cheka tu," alisema mama muuza mkaa, aliyekuwa na kibanda chake ukutani mwa kinyozi. "Bafu langu halina paa. La nani hapa lina paa? Nitaoga nimevaa?"

"Oga usiku, mama."

"Nioge usiku kwa ajili ya mtu aliyenikuta hapa?"

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kalamu na miwani ya kamba, aliandika barua ya pingamizi kwa mwandiko wa kulala, akaanza kupita nayo nyumba kwa nyumba. "Wametuuliza," alisema. "Mtu akikuuliza, unamjibu." Siku ya kwanza alipata sahihi thelathini na nne, pamoja na ya Mama Shuka, ambaye alifuta mikono mara mbili kwenye kanga kabla ya kushika kalamu.

Wiki hiyo hiyo binti mmoja wa ofisi ya kampuni alimfuata Brashi. Binti mwenye adabu, alisalimia vizuri akakubali kiti kilichokuwa na madoa ya rangi. Alikuwa na mchoro kwenye karatasi ya urefu wa mkono. Walitaka uchorwe kwenye bango kubwa, usimame pale pale kwenye maghala, ili watu waone wanachotolea maoni.

"Utawachorea?" Mama Shuka alimuuliza alfajiri iliyofuata, shuka ikiwa katikati yao.

"Dada, si bora watu waone kitu wanachokikataa? Sasa hivi wanakataa tetesi."

Dada aliona ni kweli. Wakasokota.

Mafundi seremala walileta mbao nane za plaiwudi wakazipigilia. Bango lilitoka pana, halikutoka refu. Brashi alilitazama, akaona litamtosha. Aligawa mchoro wa karatasi kwa vyumba vidogo vya penseli, akagawa na bango kwa uzi uliopakwa chaki, chumba kwa chumba, kama alivyofundishwa. Kisha akaanza chini, kwenye mtaa.

Kwenye karatasi, mtaa mzima ulikuwa mstari wa vijumba kama punje za mchele. Brashi alikuwa amechora vitatu kinyozi alipokuja kusimama nyuma yake.

"Yangu iko wapi?"

"Hii hapa."

"Hiki kidoti?" Kinyozi aliinama. "Brashi, miaka ishirini nakushikia kichwa, leo unanifanya kidoti? Na bango ulilonichorea mwenyewe litaonekana wapi?"

Brashi alicheka. Akafuta, akachora nyumba ya kinyozi kubwa kidogo, ili angalau mlango uonekane. Lakini ukubwa wa nyumba moja huvuta wa jirani. Akaja mama muuza mkaa, akataka kibanda chake kionekane kina magunia, bafu lisionekane. Akaja mwenye duka la dawa na feni yake ya mlangoni. Mwalimu mstaafu hakuomba kitu, alikohoa tu, na Brashi akamwekea varanda. Nyumba ya dada yake aliichora mwisho, kwa mapenzi, na kamba mbili uani, na vijialama vyeupe juu ya kamba. Hakuna aliyekuwa ameuchora mtaa ule kabla yake. Watu walisimama wakijitafuta mpaka wakajiona.

Siku ya nne mtaa ulikuwa umekula karibu nusu ya bango, na ghorofa lilikuwa halijaanza. Hapo Brashi alifanya kile ambacho mchora mabango yeyote angefanya. Maneno yakiwa marefu na ubao mfupi, unabana herufi. Hukati neno, maana mwenye duka atalalamika. Unabana. Alilibana ghorofa mpaka ncha yake ikaingia ndani ya fremu na ikabaki nafasi ya mawingu mawili. Sura yake aliipatia sawasawa: kiuno chembamba, kifua kipana, vioo vya kijani. Mistari ya madirisha arobaini na moja haikuweza kuingia pale bila kuwa uchafu, akaweka iliyoingia. Alirudi nyuma hatua kumi, akafinya jicho moja, akaona ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Na kweli ilikuwa nzuri.

Watu wakaja kuliona.

"Ndilo hili?" kinyozi aliuliza. "Mbona limetulia tu."

"Arobaini na moja ndiyo hii?" mama muuza mkaa alisema. "Na mimi nimenunua turubai la kuezekea bafu."

"Linafanana na chupa ya chai."

"Wakilitia mfuniko, chai haitapoa."

Namba ni namba, lakini macho ni ya mtu mwenyewe. Walikuwa wameogopa kitu kisicho na sura, sasa sura wameiona, imesimama nyuma ya nyumba zao kama kaka mrefu kwenye picha ya familia. Wakaanza kutumbukiza maoni kwenye sanduku la bati lililofungwa kwenye nguzo ya bango. Mmoja alitaka vioo viwe vya bluu. Mwingine alitaka saa kubwa juu, ili asinunue saa. Mwalimu mstaafu alisimama mbele ya bango asubuhi moja, miwani juu ya paji, barua mkononi, akatazama varanda yake. "Kwa mandhari, si baya," alisema hatimaye, akaikunja barua akaitia mfukoni. Wala hakuna aliyemuuliza ilikoishia.

Mama Shuka hakwenda kuliona. Hakuwa mtu wa kutoka uani siku za kazi. Alimuuliza mdogo wake tu.

"Kivuli chake kitafika kwangu?"

Brashi hakutaka kujibu kwa kubahatisha. Alikwenda na kijiti, akapima pale bangoni: ghorofa lilikuwa na urefu wa nyumba saba zilizopandana. Akahesabu nyumba kutoka maghala mpaka ukuta wa dada. Akafikiri jua la saa mbili linavyokaa. Akarudi.

"Saa mbili kivuli kitaishia kwa muuza mkaa. Kwako hakifiki."

"Una hakika?"

"Nimepima, dada."

"Basi Mungu ashukuriwe," alisema Mama Shuka. Alikuwa ameshamwomba mwalimu karatasi ya kuandikia maoni yake, akairudisha safi kama alivyopewa, isiharibike bure.

Siku ya thelathini, asubuhi, gari la ofisi lilikuja kuchukua sanduku. Jioni yake, Mama Shuka akitoka kumwona mgonjwa, alipitia maghala kwa mara ya kwanza tangu bango lisimame. Brashi alikuwa pale, akigusia rangi pembeni mahali mvua ilipochuruzika. Alifurahi kumwona.

Dada alitazama kwanza nyumba yake. "Umeniwekea shuka," alisema, na sauti yake ikawa laini. Kisha akainua macho kwenye ghorofa, na midomo yake ikaanza kucheza. Brashi alidhani anaomba. Kumbe anahesabu. Mtu aliyehesabu shuka arobaini kila siku kwa miaka kumi na minane haoni kitu kimepangwa mistari akaacha kukihesabu.

"Kumi na tisa," alisema.

"Nini?"

"Madirisha yake, kwenda juu. Ni kumi na tisa. Tangazo limesema arobaini na moja."

"Hayakuingia yote, dada. Ni picha."

"Sawa." Alisogea karibu, akaweka kiganja kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, kisha akakipeleka kiganja kile kile juu ya ghorofa. "Mlango wangu ni mkubwa kuliko madirisha yao mawili. Hawa watu watakaokaa humu ni vibete?"

Alisema kwa utani. Lakini Brashi hakucheka. Aliitoa karatasi ya mchoro kwenye begi lake la brashi, ikiwa imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti. Akaweka kucha ya kidole gumba juu ya punje moja ya mchele, akaanza kuipandisha kwenye ghorofa, kucha juu ya kucha. Alipofika ishirini alikuwa hajafika kiunoni.

Dada yake alimwangalia uso, akaelewa kabla hajamaliza.

"Kivuli kinafika," alisema.

Brashi aliendelea kupandisha kucha.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi. Yule binti alimkaribisha kwa uso mkunjufu, akamwambia wakubwa wamelipenda sana bango, hawajapata maoni ya amani namna ile mahali popote. Brashi alieleza. Alieleza vibaya, akianza na kidoti cha kinyozi, na ilibidi arudie. Binti alisikiliza, kalamu ikiwa imetulia.

"Lakini baba, picha ile ilikuwa ya kuonyesha sura tu. Vipimo vyote vilikuwa kwenye kitabu, hapa hapa ofisini. Mwananchi yeyote aliruhusiwa kuja kukisoma."

"Na walikuja wangapi?"

Alifungua daftari la wageni. "Wawili." Akaangalia vizuri. "Mmoja alikuwa anauliza choo."

"Katika maoni, hakuna aliyesema juu ya urefu?"

"Mia mbili na sita. Nimeyasoma yote mimi mwenyewe. Rangi, umbo, saa, taa. Kuna mmoja anauliza kama watoto wataruhusiwa kupanda lifti." Alisita. "Urefu, hakuna. Na ile barua ya pingamizi tuliyosikia habari zake haikuletwa."

"Niandike la kwangu sasa."

"Muda ulifungwa jana, baba."

"Basi niruhusu nilichore upya. Nitanunua rangi mwenyewe. Watu waone."

"Bango linashushwa leo." Alisema kwa upole, na Brashi aliona kuwa kama angeweza kufanya jambo, angefanya. Hilo ndilo lililommaliza nguvu. Binti angekuwa mkali, angalau Brashi angekuwa na mtu wa kumkasirikia. "Naweza kuandika kwamba ulifika," binti aliongeza, akaandika kwenye daftari la wageni, chini ya yule wa choo.

Aliporudi mtaani alikwenda kwa kinyozi, akasimama mlangoni akasema mbele ya wote. Kwamba picha si sahihi. Kwamba alizikuza nyumba, akalibana ghorofa. Kwamba lenyewe ni refu karibu mara sita ya lile walilolizoea.

Kinyozi alianza kucheka, kwa mazoea, kisha kicheko kikamfia. "Ni mimi niliyesema kidoti," alisema. Akarudia kunoa wembe uliokuwa umeshanolewa.

Mama muuza mkaa hakutaka kusikia. "Usituvuruge, Brashi. Tumeliona kwa macho yetu. Mwezi mzima nimepita pale."

"Uliona nilichochora mimi."

"Ndiyo. Na wewe hujawahi kukosea kuchora."

Mwalimu mstaafu alivaa miwani, akaitoa barua mfukoni, akaongeza mstari chini, akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Baada ya siku tisa alipata jibu la mistari miwili. Lilimshukuru kwa maoni yake na kumjulisha kuwa yatawekwa kwenye jalada. Mwezi uliofuata kibali kilibandikwa ukutani mwa maghala, na kwenye kipengele cha mandhari iliandikwa kwamba wakazi wa jirani wameonyeshwa jengo na hawana pingamizi. Wapimaji wakaja na vigingi vyao vyenye utepe mwekundu.

Asubuhi ile ya vigingi, Brashi na dada yake walikamua shuka bila maneno. Tangu ile jioni ya bango dada hakuwa amemtupia hata neno moja la lawama. Shuka ishirini zilipanda kambani. Jua lilikuwa limeshavuka mabati ya maghala, likamwagika uani lote, na ncha za shuka zikaanza kutoa mvuke mwembamba.

"Ukali wa jua naujua," Mama Shuka alisema. "Niambie muda tu. Ghorofa likishasimama, jua litanifikia saa ngapi?"

Safari hii Brashi alikuwa amepima kwa karatasi, si kwa bango. Alikuwa amepima mara tatu, akitafuta jibu jingine.

"Saa tano. Na dakika kidogo."

"Na mkokoteni unakuja saa sita."

"Ndiyo."

"Mkupuo mmoja unahitaji saa mbili, kukiwa hakuna wingu." Alipitisha kiganja juu ya shuka ya kwanza, akaihisi, akahamia ya pili. "Kwa hiyo hata ule mmoja hautoshi."

"Nikazungumze na muuguzi mkuu," Brashi alisema. "Labda mkokoteni usogezwe kidogo. Au tutafute paa la mtu. Mwenye duka la dawa ana paa la zege, nitamwomba, pengine..."

"Wagonjwa wanabadilishiwa shuka saa saba, mdogo wangu. Hilo halisogei. Na paa la duka la dawa liko upande gani wa maghala?"

Brashi alifikiri. Lilikuwa upande huo huo wa kivuli.

"Sijakukasirikia," dada alisema. "Nimemwambia Mungu hivyo, na wewe nakwambia. Uliwachora watu wakafurahi, hujakusudia ubaya. Lakini usije ukaniambia kwamba itawezekana. Hilo nakuomba."

Nje, ng'ambo ya ukuta, nyundo ya wapimaji ilikuwa ikigonga kigingi, polepole, bila haraka yoyote.

"Nimesikia, dada," Brashi alisema.

Mama Shuka aliinusa pembe ya shuka ya tatu, akaigeuza ili upande wa pili nao upate jua.